Kesi ya Prosesa Mbele ya Kikokotoo

Wahusika:

KIKOKOTOO, mwenyekiti wa kikao na mkazi wa kaunta
MZEE SABA, prosesa aina ya Core i7-2620M, ndani ya laptopu ya mtumba
BI TANO, Core i5-8250U, mtumba pia
SELERONI, Celeron N4020, mpya, bado yumo kwenye boksi
RAIZENI, Ryzen 5 5500U, mpya, anaishi kwenye kabati la kioo lenye kufuli
STIKA, kipande cha karatasi inayong'aa kilichoandikwa i7
DISKI, diski ya kuzunguka, mpangaji wa siku nyingi wa Mzee Saba

(Duka la kompyuta, Kariakoo, Dar es Salaam. Saa tatu usiku. Geti limeshushwa, mawinga, wale madalali wa mtaani, wamekwenda kugawana cha juu, na mwenye duka amesahau kuzima taa ya kabati.)

KIKOKOTOO: Waheshimiwa, itifaki imezingatiwa. Nimewaita kwa ajenda moja. Jioni hii alikuja dada mwenye steshenari jirani na chuo. Kesho asubuhi anarudi kununua laptopu. Mwenye duka alimuuliza ana shilingi ngapi, akanibonyeza: laki sita na nusu. Namba hiyo bado iko kwenye kioo changu, nami sitaki ifutwe bure. Nani kati yenu anastahili kwenda naye? Kabla ya hapo, mahudhurio. Diski, upo?

(Kimya.)

KIKOKOTOO: Tuendelee, atajibu akiwahi.

SELERONI: Mwenyekiti, tuanze na adabu. Shikamoo, Mzee Saba.

MZEE SABA: Marahaba, mwanangu. Umelelewa. Na ajenda yako, mwenyekiti, haina haja ya kikao. Tano na saba, ipi kubwa? Hata mtoto wa chekechea anajua. Nifungashwe, kesho niondoke na dada.

BI TANO: Mzee wangu, kwa heshima zote, saba ya mwaka gani?

MZEE SABA: Saba ni saba, bibie. Haichachi.

KIKOKOTOO: Mzee, taja jina lako kamili. Lile la mtaani liache mtaani.

MZEE SABA: Core i7-2620M.

KIKOKOTOO: Baada ya kistari kuna tarakimu gani?

MZEE SABA: (kwa sauti ya chini) Mbili.

KIKOKOTOO: Hiyo mbili ni kizazi. Wewe ni wa kizazi cha pili, ulitoka mwaka 2011. Bi Tano?

BI TANO: Core i5-8250U. Baada ya kistari ni nane. Kizazi cha nane, mwaka 2017. Walionifuata kuanzia kizazi cha kumi husomwa kwa tarakimu mbili za mwanzo, kama i5-1135G7, ambaye ni wa kizazi cha kumi na moja.

KIKOKOTOO: Iandikwe kwenye kumbukumbu. i3, i5 na i7 ni nafasi za watu wa kizazi kimoja. Mtu aliyeshika namba moja darasa la pili, akipewa mtihani wa darasa la nane, ile namba moja yake haimsaidii kitu.

STIKA: (akiwa juu ya laptopu nyeusi, rafu ya chini) Samahani, anayeongea ni Kikokotoo? Si ndiye yule aliyewatoa wastaafu machozi?

KIKOKOTOO: Yule ni fomula ya mafao, tumefanana jina. Mimi nazidisha ninachopewa, sina ninayempunja. Zamu yako itafika, Stika.

MZEE SABA: Vizazi, vizazi! Mimi najua kasi. Nakimbia kwa gigahezi 2.7, na nikipandishwa mori nafika 3.4. Huyu bibie kwenye karatasi zake ameandikiwa 1.6. Moja nukta sita! Mwenyekiti, hiyo si ya bajaji?

BI TANO: Ni kasi yangu ya msingi, mzee, na imewekwa chini kwa sababu nimejengwa kwa wati 15 wakati wewe unakula 35. Kazi ikija nami nafika 3.4 kama wewe. Na gigahezi zinahesabu mapigo kwa sekunde. Kazi inayomalizwa ndani ya kila pigo hazikwambii. Pigo langu moja linafanya zaidi ya pigo lako.

MZEE SABA: Maneno hayo.

BI TANO: Basi tuhesabu viini, maana hivyo havina maneno. Wewe una viini viwili, nyuzi za kazi nne. Mimi nina viini vinne, nyuzi nane. Tukipewa kazi inayogawanyika, mimi natoa yako mara mbili na ushei.

MZEE SABA: i7 nina viini viwili, na i5 una vinne? Nani aliruhusu jambo hilo?

BI TANO: Intel, waliotuunda. Hata i7-7500U wa kizazi cha saba, aliyetoka mwaka mmoja tu kabla yangu, alikuwa na viini viwili. Watu walilipia saba kwa miaka wakidhani wamebeba shehena, kumbe kwenye laptopu nyepesi i5 na i7 wote walikuwa na viwili, wakitofautiana kasi kidogo na bei nyingi.

RAIZENI: (kutoka kwenye kabati la kioo) Na mwaka 2017 wakavigeuza kuwa vinne ghafla. Hamjiulizi kwa nini? Mimi nawaambia. Ukoo wetu wa AMD uliingiza Ryzen ya kwanza sokoni Machi 2017, tena ikiwa na viini vinane. Agosti ya mwaka huohuo Bi Tano akazaliwa na viini vinne. Nani alimwamsha nani?

BI TANO: Kaka, kufuatana kwa tarehe si ushahidi.

RAIZENI: Si ushahidi, ila kuna harufu.

DISKI: Nipo, mwenyekiti.

KIKOKOTOO: Karibu, Diski. Umejibu mahudhurio. Sasa nakupa swali jingine mapema, ili ulifanyie kazi: laptopu ya Mzee Saba ikibonyezwa kuwashwa, mtu anasubiri kwa nini?

(Unasikika mlio wa kitu kinachozunguka. Kisha kimya.)

SELERONI: Mwenyekiti, naona mnazungumzia mitumba tu. Dada wa steshenari ni mtu wa heshima. Kwa nini abebe kilichokwishatumika na ofisi za Ulaya mpaka wakakichoka? Mimi ni mpya. Nina nailoni kwenye kioo. Nina harufu. Nina waranti ya mwaka mmoja. Bei yangu laki tano na sitini tu.

KIKOKOTOO: Sema viini.

SELERONI: Viwili.

KIKOKOTOO: Nyuzi?

SELERONI: Viwili… yaani mbili. Lakini nakula wati 6 tu! Sina feni, sina kelele. Na ukoo wetu msiudharau. Celeron tulianza mwaka 1998. Mwaka huohuo alitoka babu yetu 300A, wa megahezi 300, ambaye vijana wa wakati ule walikuwa wanambana mpaka anakimbia 450. Akawafikia wakubwa waliouzwa bei ya juu zaidi.

RAIZENI: Na Celeron wa kwanza kabisa, aliyemtangulia huyo babu miezi michache tu? Si alitoka bila akiba ya ndani ya ngazi ya pili, akawa anakwama kila hatua? Mbona huyo humtaji?

SELERONI: Kila ukoo una mtu wake wa kufichwa.

BI TANO: Na mbona jina lenyewe la ukoo limefichwa? Mwaka 2022 Intel walitangaza kwamba majina ya Celeron na Pentium wanayaacha kwenye laptopu, na kuanzia 2023 wadogo zenu wanaitwa "Intel Processor" basi. Anayebadili jina mtaani ana anachokikimbia.

SELERONI: Wamebadili jina na wamebadilika! N100, aliyetoka mwaka 2023, ana viini vinne na wati 6 zilezile, na anakukaribia wewe, Bi Tano, kwa kazi za kila siku. Niliyebaki nyuma ni mimi N4020, wa 2019, ambaye bado nawekewa nailoni kama niliyetoka jana.

KIKOKOTOO: Umesema kweli mwenyewe, mwanangu, na kikao kinakushukuru. Mzee Saba, unataka kuongeza?

MZEE SABA: Nataka kuuliza tu. Huyu kijana mpya wa 2019 na mimi mzee wa 2011, tukipewa kazi nzito, nani anatangulia?

KIKOKOTOO: Wewe.

MZEE SABA: Sikusikia vizuri, mwenyekiti.

KIKOKOTOO: Wewe, Mzee. Yeye anatoka kwenye ukoo wa chipu za kubana matumizi, wewe uliundwa kwa ajili ya kazi. Upya wa boksi haujawahi kukokotoa hesabu.

MZEE SABA: Nilitaka liandikwe tu. Nimemaliza.

KIKOKOTOO: Seleroni, hujamaliza. Umebeba RAM kiasi gani?

SELERONI: Giga 4.

KIKOKOTOO: Zinaongezeka?

SELERONI: Zimechomelewa kwenye bodi.

KIKOKOTOO: Na hifadhi?

SELERONI: Giga 64. Nazo zimechomelewa.

KIKOKOTOO: Windows 11 peke yake inadai giga 64 za hifadhi na giga 4 za RAM kama kiwango cha chini kabisa. Kwa hiyo mteja akifungua boksi, mwenye nyumba ameshakaa vyumba vingi. Dada ataweka wapi barua za wateja, picha za pasipoti na vitambulisho alivyoskani? Atafungua fomu ya Bodi ya Mikopo kwenye kivinjari, afungue Word, afungue picha ya mwanafunzi, na foleni imefika barabarani. Wewe utafanya nini?

SELERONI: Nitafikiri.

BI TANO: Rahisi ghali, mdogo wangu. Pole.

STIKA: Naona mnapoteza muda. Mimi nipo hapa, i7, nang'aa, na bei ya laptopu yangu ni laki nne na nusu. Winga mmoja leo amenitangaza mara nyingi kuliko nyie wote. "i7 moto, ya UK, haina hata mkwaruzo." Mteja akisikia hivyo haulizi kizazi.

KIKOKOTOO: Haya, Stika. Jina kamili.

STIKA: i7.

KIKOKOTOO: Baada ya kistari?

STIKA: Sina kistari. Nina kingo za dhahabu.

KIKOKOTOO: Uliye chini ya Stika, jitambulishe.

SAUTI KUTOKA NDANI YA LAPTOPU NYEUSI: Jamani, mimi ni i3-3110M. Nilitoka mwaka 2012. Viini viwili, gigahezi 2.4, sipandi hapo hata nipigwe viboko. Huyu sikumwita mimi. Alibandikwa wiki iliyopita, ile yangu ikabanduliwa kwa kucha.

STIKA: Mimi natafuta riziki. Tupo wengi kwenye karatasi moja, ile droo ya kushoto imejaa ndugu zangu. Na mimi sijamdanganya mtu, nimekaa tu. Aliyenisoma akanikabidhi pesa, huyo amejidanganya.

BI TANO: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

STIKA: Na waliokuunda wewe hawajitembezi? Huyu Raizeni wa kwenye kioo mbona hamumuulizi maana ya ile 5500?

KIKOKOTOO: Hoja ya Stika ni halali ingawa Stika mwenyewe si halali. Raizeni, jieleze.

RAIZENI: Ryzen 5 5500U, mwaka 2021. Viini sita, nyuzi kumi na mbili, kasi mpaka gigahezi 4.0. Nimechapwa Taiwan kwa TSMC, teknolojia ya nanomita 7. Kwa kazi inayogawanyika mimi natoa ya Bi Tano mara mbili hivi, na kwa wati zilezile 15. Milioni moja na laki tatu na nusu. Sina la kuficha.

BI TANO: Usanifu wako wa ndani unaitwaje?

RAIZENI: Zen… (anakohoa) Zen 2.

BI TANO: Uliotoka mwaka 2019. Na kaka yako wa 5600U, aliyetoka mwaka mmoja na wewe, ana Zen 3. Mna elfu tano wote wawili kwenye jina, na mtu dukani anadhani mmezaliwa tumbo moja.

RAIZENI: Hilo walipanga watu wa masoko. Mimi nilikuwa tanurini.

BI TANO: Na yule 7520U wa mwaka 2022? Jina linasema elfu saba, ndani ni Zen 2 ileile. Viini vinne. Tena RAM yake imechomelewa, haiongezeki. Mtu anakuacha wewe wa viini sita, anakimbilia saba kwa sababu saba ni kubwa kuliko tano.

MZEE SABA: Ndivyo nilivyosema mwanzoni!

BI TANO: Ndiyo, mzee. Na ndivyo mteja anavyopigwa, kampuni kubwa ikiwa juu na winga akiwa chini. Mmoja anabandika karatasi kwa gundi, mwingine anabandika namba kwa matangazo. Kazi ni moja, tofauti ni suti.

STIKA: Asante, dada. Nilijua nina ndugu wenye vyeo.

KIKOKOTOO: Tuingie kwenye pesa, maana ndiko ninakojua. Bei zenu zilizobandikwa ni hizi: Mzee Saba, laki tatu na themanini elfu. Bi Tano, laki sita na ishirini. Seleroni, laki tano na sitini. Raizeni, milioni moja laki tatu na nusu. Nikigawa bei kwa viini, kiini cha Mzee Saba kinauzwa 190,000. Cha Bi Tano 155,000. Cha Seleroni 280,000. Cha Raizeni 225,000.

SELERONI: Mimi ndiye ghali kuliko wote?

KIKOKOTOO: Kwa kiini, ndiyo. Lakini hesabu hiyo naitupa mwenyewe, kwa sababu tumeshakubaliana kiini cha huyu si kiini cha yule. Na mteja hanunui kiini, ananunua laptopu nzima ifanye kazi mpaka siku fulani. Kwa hiyo tugawe kwa miaka. Nani ataishi mpaka lini?

MZEE SABA: Mimi bado nina nguvu, namshukuru Mungu.

KIKOKOTOO: Una nguvu, ila huna mlezi. Windows 10 iliyomo ndani yako, msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 Microsoft wameiwekea mlango: kwa Intel, wanaoingia ni kuanzia kizazi cha nane, ukiacha wachache sana wa cha saba.

BI TANO: (kwa unyenyekevu wa kujifanya) Nane? Mwenyekiti umesema nane?

KIKOKOTOO: Nimesema nane. Usinitabasamie, uko kizingitini. Siku wakisogeza mlango, wewe ndiye wa kwanza kubaki nje.

MZEE SABA: Kuna fundi alisema ananipitisha kwa mlango wa uani.

KIKOKOTOO: Yupo, na utapita. Lakini Microsoft hawana deni kwako, na masasisho ya baadaye hayana ahadi kwako. Njia yako ya halali ni Linux, ambayo haikubagui kwa umri. Kwa kuandika barua na kuchapa utafaa, ukibadilishiwa diski. Na hapo, Diski, samahani, ndipo linapokuja lile swali lako.

DISKI: Mwenyekiti, nimelifikia. Umeuliza mtu anasubiri kwa nini laptopu yetu ikiwashwa. Jibu ni mimi. Nina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na mkono unaotafuta faili moja moja juu yake. Faili la kwanza liko huku, la pili liko kule, mkono unakwenda na kurudi. Mzee Saba anakaa anasubiri. Hata ungempa Raizeni kitanda changu, naye angesubiri. SSD haina mkono wala sahani, haitembei, inajibu. Miaka yote watu wanamlaumu Mzee kwa uzito wangu. Naomba anisamehe.

MZEE SABA: Nimekusamehe, mpangaji. Lakini ungesema mapema.

DISKI: Nilianza kusema mapema.

KIKOKOTOO: Tunaendelea. Miaka nakadiria mimi, mwenye pingamizi akate rufaa. Mzee Saba, tuweke na SSD ya elfu sitini, jumla 440,000, miaka miwili: 220,000 kwa mwaka. Seleroni, miaka miwili kabla dada hajakutupa kwa hasira: 280,000. Bi Tano, giga 8 za RAM, SSD giga 256, miaka mitatu: 206,667 kwa mwaka. Raizeni, miaka sita: 225,000.

BI TANO: Kumbukumbu zioneshe kwamba mimi ndiye wa chini kwa gharama.

RAIZENI: Subiri, Mwenyekiti. Betri ya huyu bibie imeulizwa?

(Kimya.)

KIKOKOTOO: Bi Tano?

BI TANO: Inakaa.

KIKOKOTOO: Inakaa muda gani?

BI TANO: Inategemea… Dakika arobaini. Nilifanya kazi kwenye ofisi ya bima, nikachomekwa kwenye umeme usiku na mchana. Si kosa langu.

KIKOKOTOO: Betri nyingine elfu themanini. Jumla 700,000, kwa miaka mitatu: 233,333 kwa mwaka.

RAIZENI: Ha! Nimemshinda bibie. Mimi ni 225,000.

BI TANO: Lakini nakula umeme kidogo! Wati 15 kwa 35 za Mzee. Dada atanishukuru kwenye LUKU.

KIKOKOTOO: Tofauti ni wati 20. Tuseme mnafanya kazi kwa ukomo wenu, saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: uniti 4 na kidogo kwa mwezi. Na hamfanyi kazi kwa ukomo siku nzima, kwa hiyo hata hizo hazifiki. Usitafute ushindi kwenye LUKU, bibie. Faida yako ya wati ni kwenye joto na betri, na betri yenyewe umetusimulia.

RAIZENI: Hukumu itolewe, basi. Kwa mwaka mimi ni nafuu kuliko Bi Tano, na nina nguvu mara mbili yake.

KIKOKOTOO: Kweli tupu. Kwenye kioo changu kuna namba gani?

RAIZENI: Laki sita na nusu.

KIKOKOTOO: Wewe unauzwa milioni moja laki tatu na nusu. Dada amepungukiwa laki saba kamili. Nafuu yako inaonekana mwaka wa sita, na pesa inatakiwa kesho asubuhi. Ndivyo dunia ilivyo: mwenye pesa ananunua mara moja kitu cha nafuu, asiye nayo ananunua kitu rahisi mara tatu. Hilo halirekebishwi na prosesa.

SELERONI: Kwa hiyo dada akope?

KIKOKOTOO: Akope kwa kazi gani? Angekuwa anahariri video za harusi, au anachora ramani za nyumba, ningesema ndiyo, asubiri, akusanye, amchukue Raizeni, maana muda anaookoa kila siku ni pesa. Steshenari inachapa, inaskani, inajaza fomu, inapunguza picha ya pasipoti. Kwa kazi hizo viini sita vitakaa vinapiga soga. Nguvu usiyoitumia umeinunua bei ya juu kuliko zote, hata ukipewa punguzo.

MZEE SABA: Sasa hukumu ni ipi? Usiku unakwenda.

KIKOKOTOO: Kwanza nisome walivyouliza wateja wa leo, kama nilivyowasikia kutoka kaunta. Mmoja aliuliza kama kuna rangi ya fedha. Mmoja aliuliza kama anapewa na begi. Mmoja aliuliza "ni i ngapi", akajibiwa saba, akalipa. Kizazi, RAM, aina ya diski na afya ya betri havikuulizwa na mtu. Kwa sababu hiyo hukumu yangu ina sehemu mbili, moja ya dada na moja ya wanunuzi wote.

(Kioo cha Kikokotoo kinawaka.)

KIKOKOTOO: Sehemu ya kwanza. Dada amchukue Bi Tano, lakini si kwa laki sita na ishirini. Kwa kuwa betri imechoka, bei ishuke mpaka laki tano na arobaini, aweke elfu themanini ya betri mpya, na atabaki na elfu thelathini za wino. Mwenye duka akikataa kushusha, dada aende duka la pili, kwa sababu akina Bi Tano wapo wengi Kariakoo. Mzee Saba abadilishiwe diski, awekewe Linux, auzwe kwa anayeanza, kwa jina lake kamili. Seleroni abaki kwa anayetaka kusoma na kuandika tu, na aambiwe ukweli wa hizo giga 64. Raizeni amsubiri mwenye kazi nzito. Stika abanduliwe.

STIKA: Nakata rufaa!

KIKOKOTOO: Kwa nani? Huna hata kistari.

KIKOKOTOO: Sehemu ya pili, kwa kila anayeingia dukani. Usilipe kabla laptopu haijawashwa mbele yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, usome jina kamili la prosesa na idadi ya viini. Ukiona shaka, iwashe upya uingie kwenye BIOS, maana jina linaloonekana kwenye Windows mjanja anaweza kulichezea. Angalia RAM ni giga ngapi na kama inaongezeka. Hakikisha diski ni SSD. Andika amri ya powercfg /batteryreport, ulinganishe ujazo wa betri ilipotengenezwa na ujazo ilionao leo. Ichomoe kwenye umeme uone inakaa muda gani. Halafu, kabla hujauliza bei ya mwisho, jiulize mwenyewe swali ambalo muuzaji hakuulizi: kazi yangu ni ipi? Prosesa inayoimaliza kazi hiyo bila kukuchelewesha ndiyo inayostahili pesa yako, na kila shilingi unayoongeza juu ya hapo unamlipa aliyebuni namba. Kikao kimefungwa.